Sonona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Maswali haya nimeyasikia kwenye mabenchi ya kliniki, kwenye vikoba vya kinamama, ndani ya gari la Moshi kwenda Arusha, na mengi kwenye simu usiku. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yale mazito. Kama sasa hivi uko na mtu anayesema amechoka kuishi, usianze juu. Nenda swali la 20.

## Kuifahamu

1. Sonona ni nini hasa? Si huzuni tu?

Huzuni kila mtu anaipata, na hata siku ikiwa mbaya kuna mahali inapumzika: mtoto anasema neno unacheka, chai inakuwa tamu, unasahau kidogo. Sonona haipumziki. Jina limetoka kwenye kusononeka, moyo kuuma ndani kwa ndani, na sijaona neno linaloieleza vizuri zaidi ya hilo.

Wataalamu huangalia mambo tisa. La kwanza ni huzuni au utupu karibu kutwa nzima, la pili ni kutofurahia tena vitu ulivyovipenda. Halafu usingizi kuharibika (kuukosa, au kulala kupita kiasi), chakula na uzito kubadilika, mwili kuishiwa nguvu, kuwa mzito wa mwendo au kuhangaika bila kutulia, kujiona huna thamani au una hatia, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, na mawazo ya kifo. Yakiwepo matano au zaidi karibu kila siku kwa wiki mbili, mojawapo likiwa kati ya yale mawili ya mwanzo, na yakakukwamisha kazini au nyumbani, huo ni ugonjwa.

Wapo wanaosikia jina hili wakadhani ni kisonono. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa, na sonona haiambukizi.

2. Na msongo wa mawazo?

Msongo una kamba inayouvuta. Ada ikilipwa, msongo unashuka. Mwenye sonona analipa ada yote, anawekewa risiti mkononi, na kesho yake bado hawezi kutoka kitandani. Msongo wa muda mrefu unaweza kugeuka sonona, ndiyo maana si vizuri kuudharau.

3. Si ugonjwa wa Wazungu, wa watu wasio na shida?

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 280 duniani wana sonona, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wenye magonjwa ya akili hawapati tiba yoyote. Hao ni sisi.

Waafrika hawakusubiri hospitali ndipo waipe jina. Washona wa Zimbabwe husema *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Watafiti waliokwenda Rakai na Masaka, Uganda, walikuta wanavijiji wana majina yao ya Kiluganda kwa hali hiihii. Hapa kwetu tunasema "ana mawazo", "moyo wake mzito", "siku hizi amejiachia". Majina tunayo. Ila mtu akishaitwa hivyo tunamwonea huruma, tunamwacha hapohapo.

4. Nimepima malaria, taifodi, UTI, presha. Vyote hakuna kitu, na bado naumwa. Naumwa nini?

Hili ndilo swali ninaloliona kwa macho mara nyingi kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Baba mmoja wa kutoka upande wa Kibosho (nimebadilisha mambo machache asijulikane) alikuja na bahasha ya kaki iliyochanika pembeni. Akavitoa vyeti vyake kimoja kimoja na kuvipanga juu ya meza: malaria mara sita, Widal ya taifodi mara tatu, mkojo, sukari, picha ya kifua, ultrasaundi ya tumbo. Alikuwa ametibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka mmoja. Kichwa kilikuwa kinawaka moto, mgongo unauma, tumbo limejaa gesi, moyo unakwenda mbio. Katika karatasi zote zile hakuna hata moja iliyoandikwa swali jepesi: analalaje?

Nilimuuliza. Akasema, "Naamka saa tisa usiku, nakaa nasikiliza ng'ombe mpaka kuche." Tangu lini? Akanyamaza. Kisha akasema tangu kijana wake mkubwa aondoke nyumbani kwa ugomvi wa shamba. Hakuwa amelia hata siku moja. Mwili ndio uliokuwa unalia.

Sonona kwetu huingilia mwilini. Maumivu hayo ni ya kweli, hayajatungwa, na anayekuambia "huna ugonjwa" kwa sababu vyeti ni safi amekosea. Kamsahihishe kwa kumwambia usingizi wako, hamu yako ya kula, na kama kuna kitu bado kinakufurahisha. Kipimo cha Widal nacho kinajulikana kwa kutoa majibu yasiyoaminika, kwa hiyo "taifodi isiyoisha" ni sababu nzuri ya kutafuta jibu lingine.

Upande wa pili, vipimo vya awali ni vya lazima. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, kisukari na VVU vinaweza kumchosha mtu na kumfanya aonekane ana sonona. Pima mara moja, vizuri. Usipime mara sita.

5. Kuna kipimo cha damu cha sonona?

Hakuna, wala picha ya kichwa haionyeshi. Kinachotumika ni mazungumzo, pamoja na dodoso fupi liitwalo PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Ukifika 10, unahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Lipo kwa Kiswahili na limefanyiwa utafiti hapa Tanzania. Swali la mwisho linauliza kama umewaza kwamba ni heri ufe au ujidhuru. Wengi hudanganya hapo kwa aibu. Naomba usidanganye, ndilo swali linaloamua tuharakishe kiasi gani.

## Inakotoka

6. Inasababishwa na nini?

Hakuna mzizi mmoja. Kuna kurithi (swali la 7), kuna utoto wa kupigwa na kunyanyaswa, kufiwa, ndoa yenye vurugu, ugonjwa wa muda mrefu, na umaskini unaobana bila kuachia. Mara nyingi huwa ni viwili vitatu vimekutana.

Ukanda huu una yake. Mwaka 2020 watalii walipokatika, waongoza watalii, wapishi, wapagazi, madereva na kinamama wa hoteli waliamka siku moja hawana kazi, na wengi walikuwa na mikopo. Hata mwaka wa kawaida, masika ya Machi hadi Mei inawaacha mikono mitupu. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali, nimeiona ikimwangusha mama mchapakazi kuliko msiba. Kule Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, mwanaapolo (mchimbaji) anaweza kukaa miezi ardhini bila kupata jiwe huku nyumbani wanaamini yuko karibu kutajirika. Aibu ya kurudi mikono mitupu ni sumu.

Mtaani utasikia "ni upungufu wa serotonini kwenye ubongo". Hayo ni maelezo yaliyorahisishwa mno. Ubongo unahusika, lakini ugonjwa huu si tenki lililopungua mafuta.

7. Mama yangu aliwahi kuwa nayo. Nami nitaipata?

Uwezekano wako uko juu kidogo, lakini hujahukumiwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kurithi kunaeleza kama theluthi moja ya tofauti kati ya watu, sehemu kubwa iliyobaki ni maisha. Faida ya kuijua historia ya ukoo ni kwamba dalili zikianza utazitambua mapema, hutazunguka na bahasha kama yule baba.

8. Je, si kurogwa, mapepo au upungufu wa imani?

Mimi ni mtu wa sala, kwa hiyo nasema hili bila dharau. Waumini wazuri wanaumwa sonona kama wanavyoumwa kisukari. Mchungaji, padri au shehe anayekaa na mgonjwa, akamsikiliza na kumwombea, anamsaidia kweli. Upweke unapungua, na upweke ni nusu ya mateso.

Naomba mambo matatu tu. Asiambiwe aache dawa ili kuthibitisha imani. Asifungishwe siku nyingi wakati tayari hali chakula. Na asifungwe kamba wala kupigwa, iwe kwa mganga au kwenye maombi. Ukiona hayo yanafanyika, mtoe hapo.

9. Baridi na ukungu wa Juni na Julai vinaweza kuleta sonona?

Sonona ya majira inajulikana kwenye nchi za mbali na ikweta, ambako majira ya baridi jua linatua mchana. Sisi tuko kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Kujikunyata wakati mlima haujafunguka wiki nzima ni kawaida. Ila kama kila mwaka miezi hiyohiyo inakuangusha, mweleze daktari, na angalia pia pesa: ni miezi ya ada, au ya deni gani?

## Kwa watu mbalimbali

10. Mke wangu amejifungua, analia na hamtaki mtoto. Ni sonona?

Kulia na kubadilikabadilika siku chache baada ya kujifungua ni jambo la kawaida, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Kukizidi hapo, au kukianza miezi baadaye, au kukiwa kumeanza na mimba, hiyo ni sonona ya uzazi. Duniani humpata zaidi ya mama mmoja kati ya kumi.

Uchagani mzazi anatunzwa. Analetewa mtori na nyama laini, haguswi na kazi, mama mkwe yupo. Ni mila nzuri sana, na inaweza kuuficha ugonjwa huu vilevile. Nilimtembelea dada mmoja, bakuli la mtori liko pembeni ya kitanda limeganda utando juu, mtoto kalazwa kamgeuzia mgongo. Mama mkwe akaniambia, "Ana bahati, hafanyi chochote." Yule dada alikuwa akisubiri watu watoke chumbani ili alie.

Muulize hivi: ukipata nafasi ya kulala mtoto akiwa amelala, unalala? Anayeshindwa kulala hata hapo anahitaji msaada. Anzieni kliniki ya mama na mtoto, anakokwenda tayari kwa chanjo. Zipo dawa anazoweza kutumia huku ananyonyesha, sertralini ikiwa mojawapo inayopendelewa. Na kaka, jitazame nawe: utafiti uliofanyika Moshi na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa ukatili na wenzi wao wakati wa ujauzito walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya sonona baada ya kujifungua.

Akianza kusikia sauti, kusema mtoto si wake au ni shetani, au kutolala kabisa siku mbili tatu, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

11. Mbona wanaume ni wachache kliniki?

Kwa hesabu za dunia wanawake wanaipata zaidi, kama mara moja na nusu. Lakini wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Maana yake wapo, hawaji.

Mwanaume haji akasema "nina huzuni". Anakuja na hasira, anagombana na kondakta kwa mia mbili, anarudi nyumbani usiku watoto wamelala. Au anakunywa. Kilabuni kwenye mbege anaonekana mchangamfu kuliko wote. Pombe inamlaza haraka, inamwamsha usiku wa manane, na kesho moyo unakuwa mzito zaidi, basi anaifuata tena. Wapagazi wa mlimani wanaitana "wagumu". Jina la heshima, na wanastahili, lakini mtu anayeitwa mgumu kila siku hujui atalilia wapi.

Usimwambie "una sonona". Mwambie ulichokiona: "Mangi, wiki tatu hujaja kijiweni. Kuna nini?" Kisha nyamaza umpe nafasi.

12. Mwanangu wa kidato cha tatu amekuwa mkorofi na alama zimeshuka. Ni utoto?

Huenda. Ila kwa vijana sonona huvaa hasira kuliko machozi. Tazama kama ameachana na marafiki, ameacha mpira au kwaya aliyoipenda, analala mchana kutwa likizo. Kwenye shule za bweni haya huitwa utovu wa nidhamu na huadhibiwa kwa viboko, jambo linalozidisha ugonjwa. Zungumza na mwalimu unayemwamini kabla ya kikao cha nidhamu.

Tiba ya kwanza kwa kijana ni mazungumzo. Dawa ikihitajika, fluoksetini ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa umri huo, na wiki za mwanzo mtazame kwa karibu kwa sababu mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kwa baadhi ya walio chini ya miaka 25. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

13. Bibi ameanza kusahau na hataki kula. Uzee?

Inaweza kuwa ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao wilayani Hai umefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Inaweza kuwa sonona, na hiyo inatibika. Dokezo moja: ukimuuliza mwenye sonona jambo, hujibu "sijui" haraka na kulalamika kwamba kichwa chake kimeharibika. Mwenye ugonjwa wa kusahau hujaribu jibu, hukosea, na hufunika kosa.

Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, mlima unajaa. Magari yamepangana hadi kwenye migomba, wajukuu wanakimbizana, kuna mbuzi. Wiki ya kwanza ya Januari yote yanashuka, na jikoni panabaki sahani moja na kikombe kimoja. Wengi wa wazee ninaowaona huanza kudhoofu Februari. Pesa ya M-Pesa kila mwezi ni wajibu, lakini bibi hawezi kuongea nayo. Mpigie, na umtafutie mtu wa kula naye.

Amitriptilini ni dawa ya kuangaliwa sana kwa wazee: inaweza kuwafanya waanguke, wachanganyikiwe au washindwe kukojoa.

14. Nina VVU (au kisukari, au natibiwa kifua kikuu). Inahusiana?

Sana, pande zote mbili. Ugonjwa wa kudumu huongeza hatari ya sonona, na sonona humfanya mtu aruke dozi. Baadhi ya dawa zenyewe huchangia: efavirenzi ya VVU, iliyotumika sana zamani, na sikloserini ya kifua kikuu sugu, kama kinachotibiwa Kibong'oto. Usiache dozi yako kwa hofu hii. Mwambie mhudumu wa CTC (kliniki ya VVU) au wa kifua kikuu jinsi unavyojisikia, abadilishe yeye.

15. Shangazi yangu anaongea Kimaa tu. Tutamweleza nani?

Tafuteni mtu mzima wa jinsia yake, asiye mume wala mwanawe. Mwanamke hawezi kusema yaliyo moyoni kupitia mdomo wa mtoto wake wa miaka kumi na mbili. Mkiwa Arusha ulizeni mapokezi kama kuna muuguzi anayejua Kimaa kabla ya kuingia kwa daktari.

## Tiba

16. Niende wapi?

Anzia karibu. Zahanati au kituo cha afya kinaweza kukusikiliza na kukupa rufaa. Huduma ya afya ya akili ipo hospitali za rufaa za mkoa, Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha, na KCMC ambayo ni ya kanda. Huhitaji kufikiria Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, na kwenda kliniki ya akili hakumaanishi utalazwa. Wengi huja asubuhi na kurudi kazini mchana.

Kama huna uwezo wa kulipa, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali kabla hujakata tamaa na kurudi nyumbani. Wao ndio wanaoshughulikia msamaha. Nenda na barua ya mtendaji wako.

17. Kuongea tu kunaponyaje?

Kuongea huku si porojo. Kuna njia ya kupanga shida zako na kuitatua moja kwanza, kuna ya kurudisha kidogokidogo shughuli ulizoziacha, kuna ya kutengeneza uhusiano uliovunjika. Kwa sonona nyepesi na ya kati ndiyo tiba ya kwanza, na kwa nzito huenda pamoja na dawa.

Wala haihitaji sofa na profesa. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha kinabibi wa Harare kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na kinabibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kule Uganda, utafiti wa 2003 ulionyesha vikundi vya kijijini vilivyoongozwa na wenyeji waliofunzwa vinapunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Kila nikipita chini ya mti ambako kinamama wanahesabu hisa za kikoba, nawaza kwamba benchi letu tayari lipo.

18. Dawa zinafanya kazi? Zitanifanya teja?

Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522 ya dawa 21. Zote zilifanya vizuri kuliko kidonge kitupu kisicho na dawa, ingawa tofauti yenyewe ni ya wastani. Takriban mtu mmoja kati ya watatu hupona kabisa kwa dawa ya kwanza, wengine huhitaji kubadilishiwa. Utakazokutana nazo zaidi ni amitriptilini na fluoksetini.

Jambo ambalo wagonjwa wangu hawakuambiwa mwanzoni ni mpangilio wake: maudhi yanatangulia, nafuu inafuata. Wiki ya kwanza unaweza kupata mdomo mkavu, usingizi au kichefuchefu, na moyo bado mzito vilevile. Nafuu huanza wiki ya pili hadi ya nne, ikakomaa ya sita. Wengi hutupa vidonge siku ya tano.

Hazileti uraibu wa kutamani dozi kubwa zaidi, tofauti na diazepamu ambayo watu huinunua kiholela wapate usingizi. Lakini usizikate ghafla, utapata kizunguzungu na wasiwasi. Ukishapona endelea miezi 6 hadi 12, kisha daktari akupunguzie taratibu.

19. Naweza kuchanganya na pombe, mseto au dawa za kienyeji?

Pombe, hapana, hasa na amitriptilini. Dawa ya mseto ya malaria na amitriptilini zote zinagusa mapigo ya moyo, kwa hiyo mwambie mtoa dawa unatumia nini kabla hajakupa. Mitishamba, taja unayokunywa bila kuona haya. Siwezi kukukataza nisichokijua, na nikikijua naweza kukulinda.

## Mambo mazito

20. Mtu wangu amesema anatamani kufa. Nifanye nini?

Muulize waziwazi: "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, humpa mahali pa kulitua. Msikilize bila kumhubiria, bila kumwambia atawaachia nani watoto. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani au funga kwa kufuli dawa za kunyunyizia shambani na vidonge vingi. Sri Lanka, baada ya kupiga marufuku sumu kali za kilimo, vifo vya kujiua vilishuka sana, kwa sababu mawazo haya huja kwa mawimbi na wimbi hupita. Kisha mpeleke hospitali iliyo karibu leo hii, hata usiku. Namba ya dharura ni 112.

Wengi wanaogopa polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu jaribio la kujiua, hakihusu mawazo. Kumwambia daktari unachokiwaza si kosa. Na kama jaribio limeshatokea, kazi ya kwanza ni kuokoa uhai, msicheleweshe kwa hofu ya kesi.

21. Anaumwa na hataki hospitali. Tumlazimishe?

Kama hakuna hatari ya haraka, hapana. Tumieni mtu anayemheshimu: shangazi, msimamizi wake wa ndoa, mzee wa kanisa. Anzeni na kinachomsumbua mwenyewe, "twende tukaangalie huo usingizi". Msimdanganye kwamba mnakwenda sokoni, hatawaamini tena. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu matibabu bila ridhaa kwa masharti maalumu, na hiyo ni njia ya mwisho.

22. Tulimzika mume wangu kihambani miezi minne iliyopita. Hii ni sonona au msiba?

Msiba huja kwa mawimbi. Unamlilia, kisha unakumbuka utani wake unatabasamu. Kusikia sauti yake ikikuita jikoni si wendawazimu, wafiwa wengi husikia. Sonona imeingia ukianza kujichukia mwenyewe na si kumkosa yeye, na siku zote zikawa sawa. Ukiona hivyo usisubiri mwaka uishe kwa sababu ya mila. Tanga likianuliwa watu wanarudi makwao, na hapo ndipo mjane anapohitaji mgeni.

23. Alikuwa chini miezi, sasa halali, anaongea haraka na anagawa pesa. Amepona?

Huenda ana ugonjwa wa hisia mbili, kupanda na kushuka. Dawa za sonona zikitumika peke yake zinaweza kumpandisha zaidi. Rudini kwa daktari haraka, na kila mwenye sonona aulizwe kabla ya kuanza dawa kama amewahi kuwa hivi.

24. Nimwambie mwajiri?

Si lazima utaje jina la ugonjwa. Cheti cha kupumzika kinatosha. Ila kama unaendesha gari la watalii na umeanza dawa inayoleta usingizi, omba kupumzika usukani siku za mwanzo.

25. Nilipona, na sasa naona inarudi.

Karibu nusu ya waliopata mara ya kwanza huipata tena, kwa hiyo hujashindwa. Rudi kwenye kilichokusaidia mwanzo, mapema. Andika ukiwa mzima dalili zako za kwanza ni zipi, umpe mtu mmoja. Dada mmoja wa Sakina ana duka dogo la vitenge. Alimwambia mdogo wake: "Ukiona sijafungua hadi saa tatu, siku mbili mfululizo, usinipigie. Njoo." Mwaka jana mdogo wake alikwenda mara moja, akabisha hodi, akamkuta amekaa kitandani amevaa kiatu kimoja. Alasiri walikuwa kliniki.